Mchakamchaka wa Watu Wawili

Odilia alirudi Isingiro mwaka huu akiwa na fimbo ya kutembelea na mfuko wa dawa. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu, akasimama kwanza akipumua kwa mdomo, na kabla hatujasalimiana vizuri akanikagua kuanzia miguuni hadi kichwani. "Generoza, wewe umebaki vilevile," akasema. Si kweli. Nina mvi, nimestaafu ualimu, na meno ya nyuma yameniaga siku nyingi. Lakini nilimwelewa, maana yeye mwili umemzidi, magoti yamegoma, na sukari imeanza kumla kidole cha mguu. Daktari amemwambia afanye mazoezi kila asubuhi, na amejaribu. Anaamka siku mbili, ya tatu analala. Kisha akasikia kwa mpwa wake aliyeolewa huku kwamba mwalimu Generoza bado anatoka alfajiri, na hapo ndipo alipopata wazo la kunitafuta baada ya maisha mazima ya kimya. Alikaa kwenye kochi langu, akanyoosha mguu mbaya, akasema, "Nimekuja unifundishe. Wewe uliwezaje kuzoea?" Nilicheka mpaka nikaona aibu kwa namna nilivyocheka. Aliyenizoesha ni yeye.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita na Uganda, na yote haya, Kyerwa na huko kwingine, yalikuwa bado Karagwe moja. Bunduki zilikuwa zimenyamaza lakini duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na muuzaji aliyesinzia. Sabuni ilikuwa kitu cha kuombea. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, mwalimu mpya kabisa, nimepangiwa shule ya msingi iliyokaa juu ya mlima, na nikapewa chumba kimoja na mwalimu wa kike aliyenitangulia. Huyo ndiye Odilia, mtu wa Muleba, mrefu, mwepesi, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha la mbao lisilofunga sawasawa, na kamba katikati tuliyotundikia nguo, hivyo asubuhi nilikuwa namwona Odilia vipande vipande, mkono huku, kisigino kule. Nilimpenda haraka. Ugenini, mtu anayekuonyesha kisima na kukwambia ni mzazi gani mkali na yupi ni mpole anakuwa ndugu kwa siku moja.

Kila asubuhi watoto walikimbia mchakamchaka kabla ya masomo, na mwalimu wa zamu alitakiwa kuongoza mstari na kuanzisha nyimbo. Zamu yangu ya kwanza ilikuwa fedheha. Sauti ninayo, hilo sikatai, tangu kwaya ya parokia walikuwa wananiweka nyuma nisiwafunike wengine. Pumzi ndiyo sikuwa nayo. Tulipofika nusu ya mlima kichomi kikanibana, nikajikunja kando ya njia, na mstari mzima wa watoto ukanipita ukiitikia wimbo ambao hakuna aliyekuwa anauimba. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia kwa upole, upole ule unaouma, kwamba mwalimu aliye katika majaribio huangaliwa kwa kila kitu. Jioni ile nililia. Odilia alikaa pembeni ya kitanda changu akila karanga. "Pumzi haiji kwa kulia," akasema. "Inajengwa. Kesho saa kumi na moja nakuamsha, tunatoka kabla ya watoto. Mimi na wewe tu."

Watu wanaoniuliza siku hizi jinsi ya kuzoea mazoezi wanadhani kuna siri. Mimi nilizoezwa na mtu katili. Aliniamsha kwa kunivuta blanketi na kulikalia. Alinikataza kukaa kitandani nikifikiri, kwa kuwa anayefikiri saa kumi na moja ya Isingiro, ukungu ukiwa umelala mlangoni, hatoki. Aliniambia nilale na kaptura yangu tayari, gauni kuukuu juu ya kiti, raba zikiwa zimetazama mlango. Wiki ya kwanza tulikimbia kidogo tukatembea sana. Nilitapika mara moja penye kisima. Nilimchukia kweli. Kisha, sijui ilikuwa lini, niliamka mwenyewe gizani kabla hajanigusa, nikasikia anakoroma upande wa pili wa kamba, na nikajiona nimekuwa mtu mwingine. Nilimwamsha mimi. Nakumbuka furaha ile hata sasa, na inaniudhi kwamba nayo ni ya kwake.

Njia yetu ilikuwa moja. Tulishuka kutoka shuleni, tukapita katikati ya vibanja, yale mashamba ya nyumbani ambako migomba na mibuni hukua pamoja mpaka mlangoni, tukatokea barabara kubwa, tukaifuata hadi kwenye kona ya mikaratusi. Pale mgambo walikuwa wameweka mti wa kizuizi, kwa kuwa nyuma tu ya kona kulikuwa na kijia kinachoteremka kuelekea mtoni, na ng'ambo ya mto ni Uganda, na kila mtu alijua kahawa ya Karagwe ilikuwa inavuka pale gizani na kurudi ikiwa sabuni na vitenge. Baadhi ya siku mgambo walikuwapo wakiota moto, siku nyingine walikuwa wamekwenda kulala. Wakiwapo Odilia aliwatania. "Shikamooni, wazee wa moto," anawaambia, nao wanacheka, "Marahaba, walimu, mnakimbizwa na nani?" Tulikuwa tunagusa mti wa kizuizi, tunageuka. Na wakati wa kurudi ndipo tulipoimba. Odilia alianzisha, mimi niliitikia. Alikuwa na nyimbo zake mbili alizozitunga mwenyewe, mmoja wa mvua, mmoja wa jembe, na yeye ndiye aliyechagua. Nilipotaka kuanzisha mimi alinikatalia. "Wewe itikia. Itikia kwa nguvu, ndiyo pumzi inavyopanuka."

Niliitikia kwa nguvu. Baada ya miezi miwili nikaongoza mchakamchaka wa shule hadi mwisho bila kushika kiuno, na mwalimu mkuu akanipongeza mbele ya walimu wote. Watu wa kijiji walituona wazimu. Wale walikuwa wakulima. Mtu aliyelima tangu asubuhi hadi jua la utosi, akabeba mkungu wa ndizi kichwani na kuni mgongoni, utamweleza nini kuhusu kutafuta jasho kwa makusudi? "Kama mna nguvu za kumwaga," mzee mmoja alituambia, "njooni mzimwage kwenye shamba langu." Tulicheka tukapita. Sikujua kwamba swali lile litanirudia siku moja mdomoni mwa kijiji kizima, bila utani.

Waliotupenda ni Mama Koku na mumewe. Kibanja chao kilikuwa kando ya njia yetu, chini kidogo ya barabara, na kwa kuwa chumba chetu hakikuwa na jiko la maana tulikuwa tunakula kwao jioni nyingi. Jiko la Mama Koku lilikuwa nyumba ya nyasi yenye moshi wa kutosha kukausha samaki. Tulikaa juu ya nyasi safi zilizotandazwa, tukasubiri chungu cha ndizi na maharage kilichofunikwa kwa majani ya mgomba, na alipokifunua mvuke ulitufanya sote tunyamaze. Alikuwa ananipa sehemu ya katikati ya chungu. "Kula, mwanangu, unakonda kwa kukimbia bure," alisema. Baba Koku alikuwa mtu wa maneno machache na rubisi kidogo, ile pombe ya ndizi. Alipenda sauti yangu. "Mwalimu," aliniambia mara moja, "ukiitikia kule barabarani, mimi huku ndani ninakusikia neno kwa neno." Nilijivuna kama jogoo. Jioni nyingine, nikiwa nanawa mikono nje ya jiko, nilimsikia akimuuliza Odilia kwa sauti ya chini, "Kesho mtakimbia?" na Odilia akajibu, "Tutakimbia." Nikafikiri, ona jinsi mazoezi yetu yalivyowaingia watu moyoni.

Nimeirudia kauli ile mara nyingi kuliko sala zangu. Najiuliza binti yule alikuwa na masikio ya nini. Odilia hakukosa sabuni hata siku moja mwaka ule, na aliponiambia kaka yake wa Bukoba anamletea, niliinusa, nikaoga, nikashukuru. Nani anamchunguza mtu anayelala karibu naye, anayemfunga kamba za raba vidole vinapokuwa vimekufa ganzi kwa baridi?

Asubuhi yenyewe Odilia hakuamka. Alikuwa amejifunika blanketi hadi kichwani, anatetemeka, akasema ni homa. Nilitaka nibaki nimchemshie maji. Akatoa mkono nje ya blanketi akanisukuma. "Nenda. Ukiacha leo, kesho mwili utakudai tena. Nenda, na wakati wa kurudi uimbe wa mvua, usiogope giza." Nilienda. Nilikuwa sijawahi kukimbia peke yangu na kwa kweli nilifurahi, nilijiona nimehitimu. Kwenye kona ya mikaratusi hapakuwa na mtu. Mti wa kizuizi ulikuwa umeinuliwa. Niliugusa, nikageuka, nikaanza wimbo wa mvua, nikianzisha mwenyewe na kuitikia mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu niliimba kwa sauti yangu yote, ile ambayo parokiani walikuwa wananizuia.

Nilipofika usawa wa kibanja cha Baba Koku nilisikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa. Wanaume wakatokea kwenye ukungu, mmoja, wawili, kisha wengine, kila mmoja na gunia kichwani, wakielekea barabarani. Wa mbele alikuwa Baba Koku. Aliniona, akainamisha kichwa kidogo chini ya gunia kama mtu anayeshukuru. Halafu filimbi ikalia. Mgambo walikuwa wamelala kwenye majani kando ya barabara, pande zote mbili, na walisimama wote kwa pamoja. Watu wakatupa magunia, kahawa ikamwagika barabarani, wengine wakakimbia wakakamatwa na wengine wakalala chini wenyewe. Baba Koku hakukimbia. Aliweka mikono kichwani akanitazama, nami nilikuwa nimesimama katikati ya barabara na mdomo wazi, neno la mwisho la wimbo bado liko kinywani. "Ahaa," akasema. "Kumbe ni wewe, mwalimu."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mkupuo, wimbo wa mvua wa siku zisizo na mgambo, wimbo wa jembe wa siku za mgambo. Mtu wa kijiji akitumwa gizani kuangalia kizuizi anaulizwa anataka nini. Walimu wawili wanaotoka jasho hawaulizwi. Watu walikaa na magunia yao migombani wakisubiri kuambiwa na koo langu kama njia ni nyeupe. Wote walidhani ninajua. Na leo nilikuwa nimewaita watoke.

Walitupeleka ofisi ya kijiji, wao wamefungwa, mimi sijafungwa. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja, Mama Koku akiwa mbele, kanga moja begani, bila viatu. Nilikuwa nasema sijui, sijui kitu. Mkubwa wa mgambo alinisikiliza, kisha akacheka, na akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu aliyeridhika, "Mwalimu, asante sana. Umefanya kazi nzuri. Nenda nyumbani ukaoge." Laiti wangenifunga. Kufungwa kungenisafisha. Kuachiwa kule ndiko kulikonimaliza. Nilirudi chumbani nikikimbia, nikisema moyoni Odilia ataeleza, Odilia anajua la kusema. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kitanda. Upande wake wa kamba ya nguo ulikuwa mtupu.

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia mwalimu mkuu, nikamwambia katekista, nikamwambia kila mama niliyemkuta kisimani. Walinisikiliza, wakauliza lile swali la wakulima. Nani anaamka usiku kukimbia barabarani akiimba peke yake, bila sababu? Nikijibu kwamba nilikuwa najenga pumzi, walitazamana. Wengine walisema nililipwa na mgambo, wengine walisema nilitaka kahawa iwe yangu. Baba Koku alipelekwa jela akarudi na kikohozi, na kabla mibuni haijaiva tena tukamzika. Msibani, kwetu, kila jirani huja na chochote alichonacho, na wanawake hukaa pamoja kumenya ndizi za waombolezaji. Nilibeba mkungu wangu mzuri, nikauweka penye mingine, nikashika kisu. Wanawake wakasogea. Hawakunifukuza, walisogea tu, wakamenya mikungu yote na kuuacha wangu. Nilipopita siku iliyofuata bado ulikuwa pale ukutani, na siku za mwisho za matanga ulikuwa umeiva, umefunikwa na nzi, hakuna hata mtoto aliyethubutu kunyofoa ndizi moja.

Naulizwa kwa nini sikuomba uhamisho. Kuondoka kungekuwa kukiri, na mimi nina kiburi. Nilibaki, nikafundisha watoto wa watu wale, kisha watoto wa watoto wao. Na niliendelea kukimbia. Mwanzoni ilikuwa kwa hasira, nilitaka wanione, waone kwamba kweli mtu anaweza kukimbia bila sababu, mwaka baada ya mwaka, mpaka wachoke kutonisadiki. Baadaye mwili ukazoea na hasira ikabaki huko nyuma. Nilipita kwa Mama Koku kila alfajiri, kimya, na nilipomkuta akifagia uwanja nilisema shikamoo, naye aliinama zaidi kwenye ufagio. Alinijibu siku zote kwa mgongo.

Haya yote Odilia aliyasikiliza juu ya kochi langu, chai ikipoa. Alikiri bila kusukumwa, nadhani uzee umemchosha. Mgambo walikuwa wamemkamata na vitenge siku chache kabla, wakampa chaguo, afungwe yeye au awatoe wenye kahawa. "Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, Generoza. Niliogopa." Nikamuuliza kitu kimoja tu nilichotaka kukijua. Jioni ile niliyolia, aliponiambia pumzi inajengwa, alikuwa ananihurumia? Alizungusha kikombe. "Nilikuwa nimekusikia ukiimba na watoto," akasema. "Sauti yangu haikuwa inafika migombani." Basi hata hilo. Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja kutoka mwaka ule, ile huruma ya jioni moja, na nilikuwa nimeitunza.

Nikamwambia nitamfundisha kutembea asubuhi, kila siku atakayokaa kwangu, kwa sharti moja. Kwanza tutashuka kwa Mama Koku, na yeye atasema kwa mdomo wake. Alibisha kwamba mambo yale ni ya zamani, magoti yanamuuma, mama wa watu ni mzee. Nikamwambia mimi pia ni mzee. Tulishuka taratibu, akiegemea bega langu kwenye mteremko uleule. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Naona haya kusema, lakini njia nzima nilikuwa napanga nitalia vipi Mama Koku atakaponikumbatia.

Mama Koku alikuwa amekaa barazani, macho yamefifia lakini masikio mazima. Odilia alisema shikamoo, akajitaja. Bibi yule akaingiza mkono ndani ya kikapu kidogo kilichokuwa pembeni yake, kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu mgeni hapewi neno kabla hajapewa, akampa Odilia punje kadhaa kiganjani. Hakuna aliyenipa mimi. Odilia akasema. Alisema yote, namsifu kwa hilo, vitenge, mgambo, homa ya uongo, wimbo. Alipomaliza, mimi nilikuwa tayari nimeshika mdomo.

"Najua," Mama Koku akasema. "Marehemu aliambiwa huko jela, na mgambo aliyemwonea huruma. Aliporudi akaniambia, yule mtoto wa watu hakujua kitu."

Nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Ulijua, mama? Tangu wakati ule? Hata siku ya msiba?"

Alinigeuzia uso. Tangu mwaka ule hakuwahi kunigeuzia uso. "Huyu alikuwa ameondoka," akasema, bila ukali, kama anaeleza jambo la shamba. "Ningemchukia wapi? Mume wangu amekufa, watoto wananitazama. Wewe ulikuwa unapita hapa kila asubuhi."

Odilia alitafuna kahawa yake. Hatukurudi pamoja, nilimwacha apande mlima na fimbo yake. Kesho yake niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikavaa raba, nikafunga kamba, nikakaa pembeni ya kitanda. Nilimsikia akinisubiri sebuleni, akikohoa kidogo ili nijue yuko tayari. Nilikaa pale mpaka kukapambazuka kabisa.